UZI: Wanawake wa debe. Kahawa ya Kiambu na Murang'a ilichumwa na nani?

#1 Kahawa Chungu

Wakuu, salaam.

Kila Machi kuna mtu humu huweka picha ya Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyewapinga walowezi, na kutukumbusha risasi za Nairobi za tarehe 16 Machi 1922, umati ulipotaka aachiliwe. Hutajwa kipande (cheti cha kazi), hutajwa kodi, hutajwa mishahara ya Waafrika ambayo walowezi waliamua kuikata theluthi nzima mwaka 1921. Mwisho hutajwa Mary Muthoni Nyanjiru wa Weithaga, mama aliyepandisha nguo mbele ya umati na kuwaambia wanaume waichukue, wampe yeye suruali zao. Watu wanasifu ushujaa wake, uzi unafungwa.

Mimi nauliza: wanawake wale walifuata nini pale kituo cha polisi alikofungiwa Thuku? Kipande hakikuwahusu. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlenga mwanamume wa miaka 16 na kuendelea. Ndiye aliyechukuliwa alama za vidole na kutundikwa kile kikopo cha bati shingoni. Tukisema akina mama walikwenda pale kwa sababu ya kipande cha waume zao, tunawafanya wasindikizaji tu.

Walikuwa na lao. Lao lilikuwa shamba la kahawa.

Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka wa kazi uliosainiwa na John Ainsworth, mkuu wa idara ya mambo ya wenyeji. Waraka uliwataka maofisa wa wilaya, machifu na wazee "wahimize" watu waende kwa walowezi. Kulikuwa na kipengele cha wanawake na watoto: mashamba yaliyo jirani na vijiji, nao wahimizwe kutoka kwenda kufanya kazi wanazoziweza. Na machifu walijulishwa kwamba majina ya wanaosaidia na wasiosaidia yatapelekwa kwa Gavana. Sasa niambieni, chifu anayejua jina lake liko kwenye orodha atahimiza kwa maneno matupu?

Kiambu ndiko mashamba ya kahawa yalikochanganyika na vijiji kama shubaka na ukuta. Thuku alisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa: mlowezi anamwandikia DC kwamba anataka vijana kadhaa, wanawake au wasichana kadhaa. DC anamwagiza chifu. Chifu anatuma askari wake, wanapita nyumba kwa nyumba. Wasichana walikuwa wakilazwa huko huko shambani, na wapo waliobakwa. Mwaka 1921 malalamiko ya mabinti kuchukuliwa kwa nguvu yalifikishwa serikalini hata na machifu na wazee waliokutana na maofisa Dagoretti, watu ambao kwa kawaida hawakuwa wakorofi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar naye alishachapisha kijitabu mwaka 1920 kuupinga utaratibu huo.

Thuku alilibeba hilo mikutanoni, na akina mama wakampa jina: Munene wa Nyacing'a, mkuu wa akina mama. Alipokamatwa tarehe 14 Machi, alikamatwa mtu wao. Tarehe 16 wajumbe waliokwenda kuonana na wakubwa walirudi wakiomba watu watawanyike, wanaume wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Nyanjiru alipopandisha nguo. Serikali ilikiri vifo 21, wanawake 4 miongoni mwao. Mahesabu mengine ni makubwa zaidi ya hayo. Thuku akapelekwa Kismayu.

Hiyo ni dibaji. Debe lenyewe linakuja.

#2 Ngomeni Muheza

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3 Kahawa Chungu

Kwa ambao hawajawahi kuchuma kahawa niwape picha, maana bila hiyo mtaona nasema siasa tu.

Kahawa haiivi kwa pamoja. Tawi moja lina nyekundu, lina njano, lina kijani. Nyekundu ndiyo inayotakiwa. Unapita mstari uleule mara nyingi katika msimu, vidole vinachagua, mkono wa pili umeshika tawi lisivunjike. Ukirarua, unang'oa na macho ya msimu ujao, na mnyapara akikuona unaondolewa kwenye mstari. Jioni mnapanga foleni. Unamwaga mzigo wako juu ya gunia chini, unachambua tena: mbichi pembeni, iliyooza pembeni, majani nje. Hapo giza linaingia na mtoto mgongoni ameshaanza kulia. Kisha ndiyo zamu ya debe. Karani analijaza, analitikisa, kahawa inashuka, anaongeza. Anataka liwe na kichuguu juu. Kichuguu hicho hakilipwi.

Hilo debe ndilo mshahara. Si saa, si siku, si mwezi.

Nawaomba mlitazame kwa makini, kwa sababu ni chombo cha ajabu. Kwanza, halina jina. Mwanamume mwenye kipande alikuwa na karatasi inayosema ameingia kazini lini, ametoka lini, analipwa kiasi gani. Ilikuwa minyororo, hilo halina ubishi, lakini pia ilikuwa kumbukumbu. Mwanamke wa debe alikuja asubuhi, akaondoka jioni, na daftari likabaki na idadi ya madebe. Pili, debe haliulizi ni mikono ya nani imelijaza. Binti wa miaka minane na kaka yake wa kumi wakichuma matawi ya chini, kahawa yao inaingia kwenye debe la mama. Kwenye vitabu mama amefanya kazi nzuri siku hiyo. Ukweli ni kwamba wamefanya kazi watu watatu kwa malipo ya mmoja. Tatu, debe linahamishia hasara zote kwa mchumaji. Mvua ikinyesha, miti ikiwa imebakiza kahawa chache mwisho wa msimu, mwajiri hapotezi kitu.

Na kodi je? Hapa ndipo ninapochekaga kwa uchungu. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na ilihesabu nyumba. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Kufikia mwaka 1921 kodi ilishafika shilingi 16, ikashushwa hadi 12 mwaka 1922 baada ya zile ghasia. Yaani serikali ilijua kabisa huyu mama yupo, nyumba yake iko wapi na inadaiwa kiasi gani. Ilipofika kwenye kazi aliyoifanya, hakuwepo.

#4 Jembe Butu

Mkuu uzi mzuri, lakini hapo umetia chumvi. Mwanamke wa Kiafrika alikuwa analima kabla mzungu hajaja. Bibi zetu walikuwa shambani alfajiri hadi jioni. Mkoloni aliongeza nini hasa, zaidi ya kumlipa senti ambazo zamani hakupata?

#5 Kahawa Chungu

Jembe Butu, swali zuri na nilikuwa nalisubiri.

Ndiyo, walilima. Lakini kwa Wagĩkũyũ mke alikuwa na kipande chake cha shamba na ghala lake. Alichovuna kiliingia mle, na mumewe hakuchota kwenye ghala la mkewe kama anavyochota maji mtoni. Mama huyo ndiye aliyeamua leo tunapalilia, kesho tunapanda viazi.

Sasa angalia kalenda. Msimu mkubwa wa kahawa upande ule wa mashariki ya Bonde la Ufa ni Oktoba hadi Desemba. Mvua za vuli zinaanza lini? Oktoba hiyo hiyo. Maharage yanataka kupandwa mvua za kwanza, na yanataka kupaliliwa wiki chache baadaye. Wiki zile zile ambazo kahawa imeiva na askari wa chifu yuko mlangoni. Ukiikosa mvua ya kwanza umekosa mavuno ya Januari. Kwa hiyo senti za debe unazosema alizipata, alizitoa akanunua mahindi ambayo angeyalima mwenyewe.

Halafu jiulize kwa nini hawakulima kahawa yao wenyewe wakauza. Kuanzia mwaka 1918 kulikuwa na sheria ya kuandikisha mashamba ya kahawa, na Mwafrika kwa vitendo alizuiwa. Majaribio ya kuwaruhusu yalianza miaka ya 1930, tena Kisii, Meru na Embu, mbali na walowezi. Kiambu na Murang'a walisubiri hadi miaka ya 1950. Visingizio vilikuwa magonjwa ya mimea na wizi. Nikiwa na kahawa yangu, mkuu, nani atakwenda kujaza debe lako?

#6 Mpemba Asilia

Assalaam alaykum. Kwa ruhusa ya mwenye uzi niongeze ya kwetu, maana mnaongea kama kwamba mashamba yalianza na walowezi wa Kenya.

Unguja na Pemba mashamba ya mikarafuu yalijengwa na watumwa, wanawake kwa wanaume. Amri ya kuondoa utumwa ilitoka Aprili 1897 chini ya ulinzi wa Waingereza. Watu wengi hawajui kwamba amri hiyo iliwaruka masuria. Mtumwa wa kawaida aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Suria alihesabiwa kama mke, akabaki alipo mpaka amri ya 1909. Miaka 12 nzima.

Na waliopata uhuru walikwenda wapi? Wengi walibaki palepale, wanapalilia chini ya mikarafuu ya bwana ili wapate sehemu ya kupanda muhogo. Msimu ukija, wanaume wanapanda juu, wanawake wanachuma matawi ya chini, kisha usiku kucha kuchambua karafuu kwenye makonyo. Asubuhi kuanika kwenye majamvi, na wingu likitokea unakimbia kukunja. Hesabu yetu haikuwa debe, ilikuwa pishi. Hadithi ni ileile.

Tofauti moja na Kiambu: kwetu mwanamke hurithi. Nusu ya fungu la kaka yake, lakini miti ni yake na anajua ni ipi. Pemba bibi mwenye mikarafuu yake na watu wa kumchumia si kioja.

#7 Ngomeni Muheza

Mpemba umenigusa. Na sisi wa mkonge tusisahaulike.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitoka Florida, ikabaki hai 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Ukisoma historia ya Tanga utakuta manamba, manamba, manamba: wanaume wa Kigoma, Songea, Urundi, Msumbiji, kila mmoja na namba yake na kipande chake cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya kutafuta vibarua, kwa ajili ya kuwaleta kwa wingi. Mwanamke hakuajiriwa kuwa namba. Baadaye walipoona wanaume hawatulii kambini, ndipo wakaanza kuhimiza waje na wake zao.

Kuja kufanya nini? Kupika, kuzaa, kuchota maji, kupika pombe ya kuuza Jumamosi. Na ukishakuwa kambini, unaitwa kupalilia, unaitwa kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, zikitoka korona, ile mashine ya kukamua majani. Singa mbichi ni nzito, zinadondosha maji yanayowasha ngozi vibaya. Waliozianika mikono yao unaijua ukiwasalimia.

#8 Jembe Butu

Nimekuelewa mwenye uzi. Hoja ya kalenda nimeikubali. Endelea, uhuru ulibadilisha nini?

#9 Kahawa Chungu

Nashukuru wote. Ya Mpemba kuhusu masuria naomba kila mtu aisome mara mbili. Sheria ya uhuru iliyomwacha nje mwanamke kwa kumwita mke. Shikeni hilo, tutalikuta tena.

Kabla ya uhuru kuna mambo mawili siwezi kuyaruka.

La kwanza, Murang'a 1947 na 1948. Baada ya vita serikali ililazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ya bure, na wengi waliotokea walikuwa wanawake kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi au Rift Valley. Mwaka 1947 wakaanza kukataa. Aprili 1948 wanawake wapatao 2,500 waliingia makao makuu ya wilaya wakiimba na kucheza, wakasema hawachimbi, kazi za nyumbani zinawatosha. Watu huliweka tukio hili kwenye fungu la udongo na kilimo. Mimi naliweka fungu moja na 1922. Mkoa uleule, na kwa mara nyingine wanawake ndio waliosimama kusema kazi yetu si yako.

La pili ni Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye maboma yao na kurundikwa kwenye vijiji vyenye uzio. Wanaume wengi wako kizuizini au msituni, basi kijijini wamebaki wanawake, wazee na watoto. Walichimba ule mtaro wa kilomita zipatazo 80 pembeni mwa msitu wa Mlima Kenya kwa majembe, bila malipo.

Mwaka huohuo ukaja mpango wa Swynnerton. Ardhi ipimwe, iunganishwe, itolewe hati, na Mwafrika aruhusiwe kulima kahawa kwa mapana. Wengi husema hapa ndipo haki ilipoanza. Sawa, lakini hati iliandikwa jina la nani? Mkuu wa kaya, yaani mwanamume. Lile shamba la mke na ghala lake nililowaambia halikuingia kwenye ramani ya mpima ardhi. Mwaka 1963 bendera ikapanda, na mama aliyekuwa akichuma kahawa ya mlowezi kwa debe akaanza kuchuma kahawa ya mumewe bila hata debe.

#10 Mama wa Gatanga

Nimekuwa nasoma kimya kimya, hapo mwisho umenitoa pangoni.

Mwanangu, sisi tuliolewa kwenye kahawa. Chama cha ushirika kilikuwa na namba ya mwanachama, na namba ni ya baba wa nyumba. Mimi napogoa, naweka mbolea, nanyunyiza dawa, nachuma, nabeba mgongoni hadi kiwandani, karani ananiandikia risiti yenye jina la mume wangu. Malipo yanatoka anakwenda yeye. Wiki hiyo ya malipo baa zote za sokoni zinafurika, na anaporudi anakuja na kilo ya nyama na hadithi.

Na hukuruhusiwa kung'oa mti. Sheria ya kahawa ilikataza. Bei ilipoporomoka mwaka 1989, ule mkataba wa dunia wa kahawa ulipovunjika, kahawa ikawa hailipi hata dawa yake. Wanawake wa Maragua na huku kwetu walishaanza zamani kupanda maharage katikati ya mistari. Afisa akija unamwambia ni kwa ajili ya rutuba. Halafu ndizi. Halafu mti mmoja unakauka, na mwingine unakauka, na hakuna anayejua kwa nini. Nacheka hapa peke yangu.

Wanaume walitulaumu kwamba tumeua kahawa. Tulikuwa tunalisha watoto wao.

#11 Kihamba

Mama wa Gatanga shikamoo. Kilimanjaro nako ni pacha wa hayo. Sisi wenyeji tulilima kahawa yetu mapema, KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa, iliundwa mwaka 1925 na KNCU, chama cha ushirika, ikafuata 1933, tunajivunia sana. Lakini kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga, mgawanyo ulikuwa wazi: kahawa ya baba, ndizi na maziwa ya mama. Kuchuma ni kazi ya wote, kupokea hela ni kazi ya mmoja.

#12 Jembe Butu

Kwa hiyo mwenye uzi unataka kusema hakuna kilichobadilika? Leo kuna sheria, kuna vyama vya wafanyakazi, kuna katiba.

#13 Kahawa Chungu

Marahaba Kihamba kwa niaba ya Mama, na Mama asante sana, umemaliza kazi niliyoipangia posti mbili.

Jembe Butu, sijasema hakuna kilichobadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imepiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi, na mwaka 2013 ikatungwa sheria ya mali ya wanandoa. Kuna wajane leo wana hati mkononi, jambo ambalo bibi zao wasingeliota. Mashamba yenyewe ya Kiambu mengi yamekufa. Pita Ruiru uone Tatu City imesimama juu ya nini: mistari ya kahawa.

Lakini angalia nani anapanga mistari. Februari 2023 BBC walitoa uchunguzi wa mashamba ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ili wapewe kazi au waendelee nayo. Ulipotoka, watu walishangaa mitandaoni kana kwamba ni ugonjwa mpya. Mnyapara anayeamua nani apate mstari mzuri, nani apelekwe kwenye kazi nyepesi, nani asirudi kesho, ana silaha ileile waliyokuwa nayo askari wa chifu wa 1921. Miezi michache baadaye, Mei 2023, waandamanaji Kericho wakachoma mashine za kuchumia chai. Nilisoma wahariri wakiwaita maadui wa maendeleo. Mimi sijui utamwambiaje mama ambaye hana mkataba kwamba mashine inayomtoa kazini ni maendeleo yake.

Na hapo kwenye mkataba ndipo nikujibu vizuri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo jumla ya mwezi mmoja, hahesabiki tena kama kibarua wa siku. Anakuwa na haki za kupewa notisi na mengineyo. Kwenye karatasi, safi. Sasa kaa pembezoni mwa barabara ya Thika au Gatundu Oktoba, saa kumi na moja alfajiri. Lori linakuja, akina mama wanapanda na ndoo zao na watoto wao. Wiki hii lori linawapeleka shamba hili, wiki ijayo shamba lile. Mwenye lori si mwajiri, mwenye shamba anasema mwajiri ni mwenye lori. Mwezi mmoja mfululizo utauthibitisha kwa karatasi gani?

Mwenye mama au bibi aliyetunza kadi za madebe, za chai, za mkonge au za pishi, aweke picha hapa, afiche jina. Hata zilizochanika. Nikipata za miaka ya 1950 na za juzi nitaziweka sambamba tuone kilichoandikwa juu yake.

#14 Mama wa Gatanga

Ninazo za chama, ziko kwenye sanduku la mabati. Zote zina jina lake. Nitaziweka hivyohivyo?

#15 Kahawa Chungu

Ziweke hivyohivyo, Mama. Jina lake lifiche, na chini ya kila moja tuandikie nani aliyechuma.